Dawa za Maumivu kwa Mbwa Jike Aliyefungwa Kizazi: Ulinganisho kwa Mfugaji Anayetaka Kuchagua

Mbwa jike anaporudi nyumbani baada ya kufungwa kizazi, mara nyingi huwa amekwisha kuchomwa sindano ya antibiotiki, na mshono wake umepuliziwa ile dawa ya rangi ya buluu ambayo kila mfugaji wa ng'ombe anaifahamu. Mwenye mbwa huridhika kwamba mnyama wake ametibiwa kikamilifu. Sindano ile, hata hivyo, kazi yake ni kuua bakteria, na dawa ya buluu, ambayo ni oksitetrasaikilini, kazi yake ni hiyohiyo. Hakuna kati ya hizo mbili inayotuliza maumivu.

Jambo hili nililiona nyumbani kwetu Arusha. Popi, mbwa wetu wa kienyeji wa kwanza kufungwa kizazi, aliletwa jioni akiwa na dawa hizo mbili tu, akakesha amejikunja kwenye kona ya banda, hataki kulala ubavu wala kuguswa, nasi tukadhani kwamba nusukaputi ilikuwa haijamtoka. Mbwa wetu wa pili, aliyefanyiwa upasuaji wa namna hiyohiyo miaka kadhaa baadaye, alipewa dawa ya maumivu kabla ya kisu na nyingine ya kunywa nyumbani, na asubuhi iliyofuata alikula ugali na dagaa wake wote. Mbwa wawili hawatoshi kuthibitisha lolote, lakini tofauti yao ndiyo iliyonifanya nianze kuulizia na kusoma juu ya dawa hizi, na leo nazilinganisha hapa kwa ajili ya mfugaji ambaye bado hajampeleka mbwa wake. Huo ndio wakati mzuri wa kuchagua, kwa sababu nusu ya uamuzi hufanyika kabla mbwa hajalala mezani.

Maumivu yenyewe ni ya namna gani

Katika upasuaji wa kawaida, daktari hupasua ngozi na ukuta wa tumbo katikati, chini ya kitovu, kisha huvuta ovari moja baada ya nyingine kutoka mahali ziliposhikiliwa karibu na figo, akafunga mishipa ya damu na kukata. Wengine huondoa ovari pamoja na mfuko wa uzazi, wengine ovari peke yake. Kule kuvuta ovari ndiko kunakouma kuliko hatua nyingine zote, na ni maumivu ya ndani kabisa, tofauti na yale ya ngozi na misuli. Baada ya mshono kufungwa, mwili huanza kuvimbisha sehemu iliyokatwa, na uvimbe huo huendelea kuchochea maumivu kwa siku mbili hadi tatu za mwanzo.

Kwa hiyo dawa moja haiwezi kufanya kazi yote. Iko inayofaa mezani na isiyofaa nyumbani, na iko inayofaa nyumbani ambayo haiwezi peke yake kuzima maumivu ya kuvutwa ovari. Anayelinganisha dawa hizi bila kutaja zinatumika saa ngapi hulinganisha vitu visivyolingana.

Mezani: afyuni, ketamini na ganzi

Dawa za jamii ya afyuni ndizo zenye nguvu kuliko zote. Mofini na methadoni hutuliza maumivu makali kwa takriban saa tatu hadi nne, na buprenofini kwa saa sita hadi nane. Butofanoli iko katika jamii hiyohiyo, lakini ni dhaifu na huisha ndani ya saa moja au mbili, kwa hiyo mbwa aliyechomwa butofanoli asubuhi asihesabiwe kuwa bado ana kinga ya maumivu anapopandishwa gari adhuhuri. Ugumu wa afyuni ni upatikanaji wake. Nchini Kenya zinasimamiwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na Tanzania na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na zahanati nyingi ndogo za mifugo hazina kabisa.

Badala yake, madaktari wengi wa kwetu hutumia zailazini pamoja na ketamini. Mchanganyiko huo humlaza mbwa, na dawa zote mbili hupunguza maumivu zinapokuwa bado na nguvu mwilini, lakini utulizaji huo huisha mapema, mara nyingi hata kabla mbwa hajasimama sawasawa. Mfugaji anayekabidhiwa mbwa aliyelegea huona mnyama ametulia, kumbe kinachobaki ni usingizi, na maumivu yamekwisha kurudi.

Hapo ndipo ganzi inapostahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Lidokaini ikichomwa kwenye mstari wa kukatwa na kwenye mishikilio ya ovari huzuia maumivu kwa saa moja hadi mbili, na bupivakaini kwa saa nne hadi sita. Ganzi haina vikwazo vya afyuni, bei yake ni ndogo, na lidokaini haikosekani karibu popote penye tiba. Mwongozo wa maumivu wa WSAVA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama vya madaktari wa wanyama wadogo, katika toleo lake la mwaka 2014 uliweka hadi mipango ya kumfunga kizazi mbwa mahali ambapo dawa za kudhibitiwa hazipatikani, na ganzi ni nguzo ya mipango hiyo. Tahadhari yake ni kipimo: bupivakaini isizidi miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, wala isiingie kwenye mshipa wa damu, kwa kuwa inaweza kusimamisha moyo. Hii ni kazi ya daktari, lakini swali la kama itatumika ni haki ya mwenye mbwa kuliuliza.

Nikilazimika kuchagua kati ya zahanati yenye afyuni isiyotumia ganzi na zahanati isiyo na afyuni inayotumia ganzi kwa uangalifu pamoja na dawa ya uvimbe, sitaikataa hii ya pili. Yenye vyote vitatu ndiyo bora kuliko zote.

Nyumbani: meloksikamu au kaprofeni

Kwa siku za nyumbani, kundi lenye ushahidi mzuri zaidi ni dawa za kupunguza uvimbe zisizo steroidi zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Hizi huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, ambazo ndizo huleta uvimbe na kuzifanya neva zisikie maumivu kwa wepesi zaidi. Athari yake hudumu kwa sehemu kubwa ya siku, hazimlevyi mbwa, na zinalenga chanzo chenyewe cha maumivu ya siku mbili tatu za mwanzo.

Meloksikamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Metacam, huja kama maji ya kunywa yenye miligramu 1.5 katika kila mililita. Siku ya kwanza mbwa hupewa miligramu 0.2 kwa kilo, na siku zinazofuata miligramu 0.1 kwa kilo, mara moja kwa siku. Mbwa wa kilo 15 atapata mililita 2 siku ya kwanza na mililita 1 siku za baadaye. Ikiwa daktari amekwisha kumchoma sindano ya meloksikamu siku ya upasuaji, ile ya siku ya kwanza imeshahesabiwa na nyumbani mnaanzia kipimo kidogo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inapimika kwa bomba hadi kwa mbwa mdogo kabisa, na huchanganywa na chakula bila mvutano.

Kaprofeni, maarufu kwa jina la Rimadyl, huwa vidonge vya miligramu 20, 50 au 100. Kipimo cha kawaida ni miligramu 4 kwa kilo kwa siku, kwa mkupuo mmoja au kugawanywa mara mbili, kwa hiyo mbwa yuleyule wa kilo 15 anahitaji miligramu 60 hivi. Kugawanywa asubuhi na jioni ni faida kwa mbwa ambaye maumivu humrudia usiku. Kwa upande mwingine, vidonge vya kutafuna hutiwa ladha ya nyama, na mbwa akivifikia humaliza pakiti nzima. Viwekwe mahali pa juu panapofungwa.

Kati ya hizi mbili siioni moja inayoishinda nyenzake kwa kutuliza maumivu ya upasuaji huu. Uamuzi unategemea uzito wa mbwa, upatikanaji, na mfugaji mwenyewe. Kwa mbwa wa chini ya kilo 10 ningechukua meloksikamu ya maji, kwa sababu kukata kidonge vipande vidogo huleta makosa. Kwa mbwa mkubwa wa ulinzi ambaye mlinzi wa usiku ndiye atakayempa dawa, kidonge kizima ni salama kuliko bomba linaloweza kusomwa vibaya gizani. Firokoksibu na robenakoksibu zimo katika kundi hilohilo na zinafaa zikipatikana, ingawa kwetu ni adimu zaidi.

Madhara ya kundi hili ni mamoja: kutapika, kuharisha, vidonda vya tumbo vinavyojulikana kwa kinyesi cheusi kama lami, na kuumia figo, hasa kwa mbwa aliyepungukiwa maji au aliyeshuka shinikizo la damu. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo mbwa amefanyiwa upasuaji bila kuwekewa maji ya mshipa, madaktari waangalifu huichoma dawa hii baada ya mbwa kuamka. Ipewe pamoja na chakula, na mbwa akikataa kula au akitapika, isimamishwe na daktari apigiwe simu. Muda wa kawaida baada ya kufungwa kizazi ni siku tatu hadi tano.

Kuna makosa matatu ambayo nayaogopa kuliko madhara hayo. La kwanza ni kuchanganya kaprofeni na meloksikamu kwa kudhani kwamba mbili zitafanya kazi mara mbili. Kinachoongezeka ni vidonda vya tumbo. La pili ni kumpa mojawapo mbwa aliyechomwa deksamethasoni au anayekunywa prednisoloni, ambazo ni dawa za steroidi, jambo linaloweza kutoboa utumbo, na kwa kuwa sindano ya deksamethasoni huchomwa mara kwa mara kwa mifugo ya kwetu, ulizeni waziwazi kama mbwa alichomwa. La tatu ni kununua kwenye duka la dawa za mifugo meloksikamu ya ng'ombe. Hiyo ina miligramu 20 kwa mililita, zaidi ya mara kumi na tatu ya ile ya kunywa ya mbwa, na mililita moja iliyokusudiwa kuwa kipimo cha kawaida huwa sumu. Fluniksini ya ng'ombe na farasi nayo isiguswe, kwani inajulikana kwa kuumiza tumbo na figo za mbwa.

Tramadoli na gabapentini

Tramadoli ilipendwa sana kwa mbwa kwa sababu ni rahisi kupatikana kuliko mofini. Kwa binadamu, ini huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu ya afyuni, na hiyo ndiyo hutuliza maumivu kwa sehemu kubwa. Ini la mbwa hutengeneza kiasi kidogo sana cha kemikali hiyo, na matokeo yake ni kwamba mbwa wengi husinzia kuliko wanavyopata nafuu. Mfugaji huona mbwa amelala akashukuru, ilhali mbwa anaumia akiwa amelewa. Ikiwekwa kando ya meloksikamu, tramadoli ni chaguo dhaifu. Nafasi yake ni ya nyongeza, au kwa mbwa asiyeruhusiwa kabisa kutumia dawa za uvimbe.

Kwetu ina hatari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Amitrazi, dawa ya kuogeshea dhidi ya kupe, hutumika mno kwa ng'ombe na kwa mbwa, na huzuia kimeng'enya ambacho kikizuiwa, tramadoli inaweza kuvuruga neva kwa kutetemesha, kupandisha joto na kuleta degedege. Amitrazi pia hulevya kwa njia inayofanana na zailazini, na zikikutana usingizi huzidi na mapigo ya moyo hushuka. Mwambieni daktari tarehe ya mwisho mbwa alipoogeshwa, na msimwogeshe kwa makusudi ya kumsafisha siku moja kabla ya upasuaji.

Gabapentini inafaa zaidi kwa maumivu ya neva na ya muda mrefu. Kwa maumivu mapya ya mshono ushahidi wake ni mdogo, ingawa humtuliza mbwa mwenye hofu na kumzuia kurukaruka. Ikiwa ni ya maji iliyotengenezwa kwa binadamu, someni kwanza viambato, kwa kuwa baadhi zina zailitoli, sukari mbadala ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na kuharibu ini.

Duka la dawa la binadamu

Wengi hufika hapa usiku, mbwa akilia na zahanati imefungwa. Linganisho la hesabu linatosha kuonyesha hatari. Kidonge kimoja cha ibuprofeni cha miligramu 400 humpa mbwa wa kilo 10 miligramu 40 kwa kilo, ilhali vidonda vya tumbo vimeonekana kwa mbwa waliopewa miligramu 8 tu kwa kilo kila siku kwa mwezi mmoja. Diklofenaki ni mbaya vilevile. Kidonge cha meloksikamu cha binadamu cha miligramu 15, ambacho jina lake humfanya mtu aamini kuwa ni ileile, humpa mbwa wa kilo 15 mara kumi ya kipimo chake cha kila siku. Vidonge vya mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini vina mambo mawili ya kudhuru kwa pamoja: aspirini huzuia damu kuganda wakati ambapo mishipa iliyofungwa tumboni bado ni mibichi, na kafeini ni sumu kwa mbwa.

Parasetamoli peke yake ni suala la tofauti kidogo. Mbwa mwenye ini zima anaweza kuistahimili kwa miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, na Uingereza iko dawa ya mbwa iliyosajiliwa yenye parasetamoli pamoja na kodini. Lakini haipunguzi uvimbe sana, na kidonge cha miligramu 500 kwa mbwa wa kilo 5 ni miligramu 100 kwa kilo, kiwango ambacho ini huanza kuharibika. Itumike kwa kauli ya daktari tu, hata ikiwa kwa simu. Kwa paka isitumike kamwe, hata kipande, kwa sababu inamuua.

Yasiyo dawa

Barafu iliyofungwa ndani ya khanga na kuwekwa kando ya mshono kwa dakika 10, mara tatu au nne kwa siku katika siku mbili za mwanzo, hupunguza uvimbe na haina gharama. Mapumziko ya siku 10 hadi 14, hadi nyuzi zitolewe, ni ya lazima. Mbwa wa ulinzi asifunguliwe usiku kukimbiza watu kwenye ua, na asifungwe mnyororo mfupi unaomlazimu kujivuta. Kola ya kumzuia kulamba au fulana ya zamani iliyofungwa mgongoni huzuia maumivu mapya. Manjano, shubiri na mafuta ya taa juu ya mshono havina nafasi.

Kujua kama dawa inatosha

Mbwa wetu wa kienyeji huficha maumivu, kwa hiyo kutolia kwake si kipimo. Chuo Kikuu cha Glasgow kilitengeneza kipimo cha maumivu makali ya mbwa kinachoangalia mambo sita: sauti, namna anavyoshughulikia kidonda, mwendo, jinsi anavyojibu akiguswa, uchangamfu au unyonge wake na mkao wa mwili. Alama za juu ni 24, na akifikia 6 anastahili kuongezewa dawa. Mfugaji hahitaji fomu ili aone yale yale: mgongo uliopinda, tumbo lililokazwa, kuhema bila joto, kukataa kulala ubavu, kugeuka kwa ukali mkono unapokaribia mshono, na kukataa chakula alichokipenda jana. Kulialia kwa saa chache za mwanzo huweza kuwa ni mkanganyiko wa nusukaputi. Mbwa huyo hutulia akishikwa na kuzungumzishwa, ambapo mwenye maumivu hatulii.

Ningechagua nini

Kwa mbwa jike mzima wa afya njema: ganzi kwenye ovari na kwenye mshono, afyuni kabla ya kisu ikiwa ipo, meloksikamu au kaprofeni akishaamka, na dawa hiyohiyo nyumbani kwa siku tatu hadi tano. Kwa mbwa mwenye ugonjwa wa figo au ini, aliyetapika kwa siku kadhaa, au anayenyonyesha, dawa za uvimbe ziamuliwe na daktari baada ya kumpima, na hapo ndipo buprenofini, au tramadoli kwa udhaifu wake, hupata nafasi. Mbwa mwenye kupe wengi apimwe damu kwanza. Ugonjwa wa kupe unaoletwa na bakteria aitwaye ehrlichia hupunguza chembe za kugandisha damu, na mbwa huyo hastahili kupasuliwa hadi atibiwe, sembuse kupewa dawa inayoongeza hatari ya kutoka damu.

Siku ya kumpeleka, muulizeni daktari mambo mawili kabla ya jambo lingine lolote: atachomwa nini dhidi ya maumivu kabla ya kukatwa, na tutaondoka na dawa gani mkononi, kwa kipimo gani kilichoandikwa. Akijibu kwa kutaja antibiotiki peke yake, ulizeni tena kwa upole, na mkiwa tayari kulipia nyongeza hiyo semeni hivyo, kwa sababu madaktari wengi huiacha dawa ya maumivu kwa kudhani kwamba mteja hataki gharama.

Ufizi ukiwa mweupe, tumbo likijaa, au mbwa akianguka katika saa 24 za mwanzo, msimwongezee dawa ya maumivu. Hiyo huweza kuwa damu inayovuja ndani, na anahitaji kurudishwa mezani haraka. Na maumivu yakirudi siku ya nne au ya tano baada ya kuwa yamepungua, angalieni mshono kabla ya kufikiria kipimo kikubwa zaidi: joto, harufu na usaha humaanisha kwamba kidonda chenyewe ndicho kinachohitaji daktari.